Neno la 61

Harufu ya asetoni hainitoki puani hadi leo. Kila Jumatatu na Alhamisi, kwa miezi mitano, niliingia chumba cha panya, nikavaa glavu juu ya glavu, nikamtoa panya mmoja mmoja na kumdondoshea mgongoni matone machache ya dawa. Mgongo ulikuwa umenyolewa. Panya wenyewe walikuwa weupe, macho mekundu, kila mmoja na namba yake sikioni. Kazi yangu ya pili ilikuwa kuhesabu: chunjua ngapi, za ukubwa gani, kwenye mgongo wa nani. Nilikuwa mwanafunzi. Maswali makubwa yalikuwa ya wengine, mimi nilikuwa mtu wa rula na kalamu.

Mdogo wangu wa mwisho ana ualbino. Amekwisha kukatwa vinyama viwili vya saratani, kimoja sikioni na kingine shingoni, vyote vikiwa bado vidogo. Kwa hiyo nilipopata nafasi katika maabara ya saratani ya ngozi nilimpigia simu kwa majivuno kidogo, kana kwamba nimeenda kumtafutia dawa mwenyewe. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Dada, hao panya wako wanakaa juani?"

Nikamwambia hapana, wako ndani, chini ya taa za kawaida.

"Sasa saratani wanaipataje?"

"Tunawapaka kemikali."

Akanyamaza. "Basi huo ni ugonjwa wao, si wangu."

Iliniuma, kwa sababu sikuwa na jibu. Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli, ila ilinichukua miaka kujua ni nusu ipi.

Kazi hii ya kupaka ngozi ya wanyama ina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba watu waliokuwa wakisafisha dohani tangu utotoni walikuwa wakipata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani, naye akayalaumu masizi. Hoja ilikuwa nzuri lakini haikuwa na jaribio la kuithibitisha. Waliofuata walijaribu kuwapa wanyama ugonjwa huo wakashindwa, wengi wao, nadhani, kwa kukosa subira. Huko Tokyo, Katsusaburo Yamagiwa na mwenzake Koichi Ichikawa walikuwa na subira ya ajabu. Walipaka lami ya makaa ya mawe upande wa ndani wa masikio ya sungura, wakarudia kila baada ya siku chache, mwezi kwa mwezi, na mwaka 1915 wakatangaza kwamba wamepata saratani halisi, iliyotengenezwa kwa mikono ya binadamu. Kila nilipochoka kushika panya wangu niliwaza masikio ya wale sungura.

Baadaye wakemia wa London waliichambua lami hiyo na kutoa humo bensopireni, mwaka 1933, mojawapo ya kemikali safi za kwanza kujulikana kusababisha saratani. Dawa niliyokuwa nikiwapaka panya wangu siku ya kwanza, DMBA, ni ya ukoo huohuo.

Siku ya kwanza tu, lakini. Jambo hili liliwashangaza watu miaka ya 1940, pale Isaac Berenblum na Philippe Shubik walipolipanga vizuri. Ukimpaka panya DMBA mara moja, kwa kipimo kidogo, huoni kitu. Ukimpaka mafuta ya mbegu za krotoni, au TPA ambayo ndiyo nguvu iliyomo ndani ya mafuta hayo, ngozi inavimba na kuwa nene, nawe ukiacha, inarudi ilivyokuwa. Ukianza na TPA ukamalizia na DMBA, hupati kitu pia. Ila anza na DMBA mara moja, kisha TPA mara mbili kwa wiki, na kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili mgongo unaanza kuota chunjua kama mvua imenyesha juu yake. Baadhi ya chunjua hizo, miezi kadhaa baadaye, huzama chini na kugeuka saratani kamili.

Kilichoniduwaza nilipokisoma ni hiki: kati ya hatua ya kwanza na ya pili unaweza kusubiri miezi mingi, na bado chunjua zitakuja. Ngozi ya panya hujivua na kujijenga upya tena na tena muda wote huo. Seli zilizoguswa na DMBA siku ile zingepaswa kuwa zimeshadondoka kitambo kama mba. Lakini kuna kitu kimebaki, kinachopokezana kutoka seli hadi seli, kikisubiri kuitwa.

Kitu hicho kilipatikana Glasgow. Mwaka 1983 Allan Balmain na mwenzake walionyesha kwamba uvimbe wa ngozi ya panya hao una jeni ya Ras iliyoamka, na mwaka 1986 kundi lake likaonyesha ni herufi ipi hasa iliyobadilika. Vinasaba vimeandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na husomwa tatu tatu. Kila tatu ni neno linalotaja asidi amino moja. Katika jeni ya panya iitwayo Hras, neno la 61 ni CAA. Katika chunjua zilizoanzishwa na DMBA, neno hilo lilikuwa CTA. Herufi ya katikati tu, na karibu kila chunjua ilikuwa nayo.

Ras ni swichi. Ikishika molekuli ya GTP imewaka na inaiambia seli igawanyike. Ikiikata GTP hiyo imezima. Neno la 61 ndilo linaloweka glutamini, asidi amino inayosaidia kazi ya kukata. CTA inaweka leusini mahali pake, na leusini haijui kukata. Taa inabaki inawaka usiku kucha. Peke yake haileti uvimbe, kwa kuwa ngozi iliyotulia inaweza kuishi na seli chache za namna hiyo bila fujo. TPA inapokuja kuivuruga ngozi, seli zenye taa iliyokwama ndizo zinazopata nafasi. Kuna panya waliotengenezwa wakiwa tayari na jeni ya Ras iliyoharibika ngozini. Hao hawahitaji DMBA hata tone, na kidonda cha kawaida tu kinaweza kuwaotesha chunjua mahali kilipopona.

Sasa sehemu niipendayo. Kundi lile la Glasgow lilibadilisha kemikali ya kwanza. Badala ya DMBA wakatumia MNNG, na chunjua zikaja vilevile, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Lakini neno la 61 lilikuwa salama. Kosa lilikuwa kwenye neno la 12, na herufi iliyobadilika ilikuwa G, imekuwa A. Sababu ni ya kikemia kabisa: DMBA, baada ya kuchakatwa ndani ya seli, hupenda kunata kwenye A, MNNG huibandika G kipande kidogo kinachoifanya isomwe vibaya. Kila mkosaji ana mwandiko wake, na uvimbe unauhifadhi.

Baada ya kuelewa hilo sikuweza tena kuitazama saratani ya mnyama yeyote bila kuuliza: hii nani ameiandika?

Na jua je? Jua linaandika kwa mkono mzito. Mionzi ya urujuanimno inaunganisha herufi mbili jirani, C au T, zinashikana kama vidole vilivyoungua pamoja. Seli ikishindwa kuzitenganisha, mahali palipokuwa na C panakuja T. Wakati mwingine C mbili zinazofuatana zinakuwa T mbili kwa mpigo, na hiyo ni kama saini kamili, kwa sababu ni vitu vichache sana vingine vinavyofanya hivyo. Mwaka 1991 Douglas Brash na wenzake waliikuta saini hiyo ndani ya jeni ya p53 katika saratani za ngozi za binadamu. Muda mfupi baadaye ikaonekana pia kwa panya waliowekwa chini ya taa za urujuanimno, mara nyingi kwenye neno la 270 la p53. Kwetu sisi ni neno la 273. Protini ya panya ni fupi kidogo tu, hesabu inapishana kwa tatu.

Kazi ya p53 kwenye ngozi ni ya kikatili na ya lazima: seli iliyoungua vibaya inaiamuru ijiue. Ngozi inayobambuka baada ya kuungua na jua ina seli nyingi zilizotii amri hiyo. Seli iliyopoteza p53 haitii. Inabaki hai katikati ya jirani waliokufa, na nafasi walizoacha inazijaza yenyewe. Panya wasio na p53 walipochomwa na mionzi, seli zilizojiua zilikuwa chache kuliko kawaida. Hilo lilichapishwa mwaka 1994, na kwangu ndilo lililofanya maneno "kuungua na jua" yaache kuwa jambo la vipodozi.

Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na hoja. Saratani ya seli za skwamasi, yaani seli bapa za tabaka la juu la ngozi, ambayo ndiyo huwasumbua zaidi watu wenye ualbino, kwa kawaida ina p53 iliyoharibiwa na jua, na jeni za NOTCH pia. Ras iliyobadilika imo, lakini kwa wagonjwa wachache. Panya wangu walikuwa na Ras karibu wote, na wa neno la 61 hasa. Ukiweka vipande viwili chini ya darubini, cha panya aliyepakwa DMBA na cha shingo ya mdogo wangu, utaona duara zilezile za keratini, protini ngumu ya ngozi na nywele, zilizojiviringisha, ambazo wataalamu wa patholojia huziita lulu. Sura ni ya mapacha, lakini historia ni mbili tofauti.

Nilianza kuwadharau panya wangu kidogo. Nakiri.

Kuna jambo jingine linalochanganya hesabu, nalo ni kwamba herufi iliyoharibika si saratani. Tunaandika "jeni ya saratani" kana kwamba ukiwa nayo umekwisha. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichunguza ngozi ya kope za watu wanne, ngozi nzima isiyo na ugonjwa, iliyokatwa kwa upasuaji wa kawaida wa kope. Walichukua vipande vidogo 234. Zaidi ya robo ya seli zilikuwa zimebeba mabadiliko ambayo tungeyakuta ndani ya saratani, na kope zilikuwa zikipepesa kama kawaida. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hapa ki nguoni na mara nyingi hakikuli.

Samaki wameonyesha hili vizuri kuliko panya. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba karibu nusu ya melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, zina badiliko moja katika jeni ya BRAF: neno la 600 linalopaswa kuweka valini linaweka asidi ya glutamiki. Furaha ikawa kubwa. Halafu, mwaka uliofuata, badiliko hilohilo likakutwa kwenye vidoa vyeusi vya kawaida vya ngozi, vingi sana, vile ambavyo mtu huzeeka navyo bila shida. Miaka mitatu baada ya ugunduzi wa kwanza, watafiti wa Boston walimpa samaki pundamilia, kisamaki cha urefu wa kidole chenye milia ubavuni, jeni ya BRAF ya binadamu yenye kosa hilo. Samaki wakaota vidoa. Wakaishia hapo. Walipowapa jeni hiyo samaki ambao p53 yao haifanyi kazi, melanoma ikaja.

Uzuri wa samaki huyu ni kwamba anaonekana. Kuna aina iliyozalishwa hadi ikawa karibu kama kioo, unaona moyo ukipiga. Mwaka 2016 maabara hiyohiyo iliwafanya samaki wang'ae kijani pale tu jeni iitwayo crestin inapowaka, jeni ambayo kwa kawaida huwaka kwenye kiinitete na kisha hunyamaza. Samaki alikuwa na mabadiliko ya BRAF na p53 katika seli zake zote za rangi. Zote. Lakini kijani kiliwaka kwenye seli moja, na uvimbe ukatoka hapo. Yaani maelfu ya seli zenye maandishi yaleyale mabovu zilikaa kimya, na moja ikarudi utotoni. Niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu kuliko picha yoyote ya kisayansi niliyowahi kuiona.

Panya, kwa melanoma, alikuwa mkaidi. Seli za rangi za panya hukaa zaidi ndani ya vishimo vya nywele, wakati zetu zimetandazwa chini ya tabaka la juu la ngozi, zikilitazama jua. Ukimwanika panya mweusi chini ya taa za urujuanimno atapata saratani nyingine kabla ya hiyo. Ndiyo maana ilibidi wamwandike upya kwa makusudi. Mwaka 2009 walitengeneza panya ambaye BRAF yake inageuzwa kuwa na kosa, na jeni ya Pten, inayozuia ukuaji wa seli, inafutwa, ndani ya seli za rangi tu, pale anapopakwa dawa ya familia ya tamoksifeni mgongoni. Badiliko la BRAF peke yake lilizaa seli nyingi za rangi na utulivu. Yote mawili pamoja yalizaa melanoma kwa kila panya, haraka, na ikasambaa hadi kwenye matezi na mapafu. Panya huyo ametumiwa na maabara nyingi mno tangu hapo.

Nina lawama moja kwake. Ni msafi kupita kiasi. Melanoma ya mtu aliyepigwa na jua miaka thelathini ina makosa maelfu kwa maelfu yaliyotawanyika kila mahali, na mengi ya makosa hayo yanazaa protini ngeni ambazo askari wa kinga wanaweza kuzitambua. Panya huyu ana makosa mawili matatu tuliyomwandikia sisi, hakuna la ziada. Ukimjaribia dawa ya kuamsha kinga na ikagoma, huwezi kujua kama ni dawa mbaya au ni kinga isiyo na cha kukamata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilitambua hilo. Wakachukua seli za melanoma kutoka kwa panya wa namna hii, wakazipiga mionzi ya urujuanimno mara kadhaa ili ziongezewe makosa, na kinga ya panya ikaanza kuzitambua. Waliongeza uchafu ili mfano uwe wa kweli. Nalipenda wazo hilo.

Turudi kwa panya weupe. Wengi tunapofikiria panya wa maabara tunamfikiria mweupe mwenye macho mekundu, bila kukumbuka kwamba huyo ni panya mwenye ualbino. Karibu koo zote za panya weupe wa maabara zina kosa moja lilelile katika jeni ya tirosinesi, inayoongoza utengenezaji wa rangi, neno la 103, ambapo serini imekaa mahali pa sisteini. Seli za rangi wanazo. Rangi ndiyo haitengenezwi. Panya wangu wote walikuwa hivyo, na mimi, dada wa mtu mwenye ualbino, nilikaa nao miezi mitatu kabla ya kulitambua hilo.

Mwaka 2012 kundi la David Fisher huko Boston lilichapisha jaribio ambalo nililisoma mara mbili usiku mmoja. Walichukua panya wenye kosa la BRAF katika seli za rangi, wa aina tatu: weusi, wenye rangi nyekundu kama watu wa nywele nyekundu, na weupe kabisa. Hawakuwachoma na mionzi yoyote. Wale wekundu wakapata melanoma kwa wingi, gizani, bila jua. Weusi wakapata chache. Halafu walipowachukua haohao wekundu na kuwazimia tirosinesi ili wawe weupe, hatari ikashuka. Maana yake ni kwamba rangi nyekundu yenyewe, katika kutengenezwa kwake, inaharibu seli. Kukosa rangi kabisa kulikuwa salama kuliko kuwa na rangi ile, kwa melanoma, na kwa sharti kwamba jua halipo. Kwa watu wenye ualbino melanoma huonekana kwa nadra, wakati saratani za skwamasi ni nyingi. Naogopa kusema matokeo ya panya hao ndiyo maelezo ya hilo. Ila nilimpigia simu mdogo wangu tena, na safari hii nilikuwa na kitu cha kumwambia.

"Kwa hiyo mimi nina bahati?" akauliza.

"Kwa ugonjwa mmoja. Gizani."

Akacheka sana.

Naomba nipite kidogo kwa farasi, kwa kuwa wao hawakutengenezwa na maabara. Farasi wa kijivu huzaliwa na rangi, mweusi au wa kahawia, kisha mwaka hadi mwaka nywele zake zinapauka hadi anakuwa mweupe kama chokaa, huku ngozi chini ikibaki nyeusi. Wengi wao wakifika miaka 15 na kuendelea huwa na vinundu vya melanoma, hasa chini ya mkia. Mwaka 2008 watafiti wa Uswidi walionyesha chanzo: kipande cha herufi 4,600 ndani ya jeni ya STX17 kimenakiliwa mara mbili. Kipo kwenye sehemu ya jeni isiyotaja protini yoyote, kwa hiyo hakuna neno lililokosewa. Ni kama ukurasa uliorudiwa kwenye kitabu, na kurudiwa huko kunaongeza sauti ya maelekezo. Kazi iliyotoka mwaka 2024 ikaongeza kwamba kuna farasi wenye nakala mbili na wenye nakala tatu, na wa tatu ndio wanaopauka upesi na kupata melanoma zaidi. Wafugaji waliwachagua kwa uzuri wa weupe wao karne nyingi, na ugonjwa ukaingia kwa mlango huohuo.

Nilikuwa nimekwisha kuwaacha panya wangu wa DMBA, kimwili na kimawazo, nilipokutana nao tena mahali nisipotarajia.

Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha vemurafenibu, dawa inayoifunga BRAF yenye kosa la neno la 600. Wagonjwa wa melanoma waliokuwa wamekata tamaa waliona uvimbe ukinywea ndani ya wiki chache. Lakini takriban mmoja kati ya watano alianza kuota kitu kingine ngozini: saratani za skwamasi, ndogo, za ghafla. Dawa ya saratani moja ya ngozi inaleta nyingine ya ngozi! Mwaka 2012 matokeo ya uchunguzi wa vinyama hivyo yalichapishwa. Kati ya 35, 21 vilikuwa na Ras iliyobadilika, na badiliko lililoongoza lilikuwa kwenye HRAS, neno la 61, glutamini imekuwa leusini. Kwa binadamu neno hilo limeandikwa CAG badala ya CAA, lakini herufi ya katikati ni A ileile, na imekuwa T ileile.

Nilikuwa nimekaa. Nikasimama.

Walipotaka kujua dawa inafanya nini hasa, walihitaji mnyama mwenye neno la 61 bovu ngozini. Alikuwepo tayari, anasubiri tangu miaka ya 1980. Walimpaka DMBA, wakampaka TPA, wakampa dawa ya jamaa ya vemurafenibu. Dawa haikuweza kuanzisha uvimbe, wala haikuweza kuchukua nafasi ya TPA. Ilichofanya ni kuzikuza kwa kasi chunjua zilizokwisha kuwa na Hras mbovu, kwa sababu katika seli yenye Ras iliyowaka na BRAF nzima, dawa hii, badala ya kuzima njia ya ishara, inaichochea. Walipoongeza dawa ya pili inayoifunga MEK, hatua inayofuata kwenye njia hiyohiyo, ukuaji ukazuilika. Siku hizi dawa hizo mbili hupewa pamoja, na saratani hizo za pembeni zimepungua.

Wagonjwa hao hakuna aliyewahi kupakwa DMBA. Neno lao la 61 lilikuwa limeharibika mahali fulani ngozini, na nani, sijui. Lilikaa kimya kama kwenye ngozi ya panya baada ya siku ya kwanza. Kwa ugonjwa wa mdogo wangu panya wangu walikuwa mfano mbovu. Kwa ugonjwa wa watu hawa, ambao wakati nashika rula yangu haukuwepo bado duniani, hakuna mnyama aliyefaa kuwazidi. Nilirudi kwenye daftari langu la zamani nikafungua ukurasa wa wiki ya kumi na moja. Namba 17, chunjua nne, kubwa milimita tatu. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya.

Mdogo wangu nimemweleza haya yote mwezi uliopita. Alisikiliza, kisha akarudi palepale kama kawaida yake. "Sawa. Hao ni wa wale wagonjwa. Wa kwangu yuko wapi?"

Yupo, nikamwambia. Anaitwa SKH-1. Hana nywele kabisa, kwa sababu virusi vya kale vilijichomeka ndani ya jeni moja ya mababu zake na kuiharibu. Ni mweupe, ana ualbino, kinga yake ni nzima. Anawekwa chini ya taa zenye mionzi kama ya jua, mara kadhaa kwa wiki. Wiki kadhaa kabla ya uvimbe kuonekana, ngozi yake huwa tayari na madoa ya seli zenye p53 mbovu, hayaonekani kwa macho. Kisha saratani za skwamasi zinakuja.

"Huyo sasa," akasema, "ndiye mwenzangu. Wanampaka krimu?"

Nikamwambia kuhusu panya wa mwaka 1997, waliopakwa krimu kabla ya mionzi na mabadiliko ya p53 yakapungua sana. Nikamwambia pia kuhusu wale wa mwaka 2014, wenye kosa la BRAF, ambao krimu iliwachelewesha kupata melanoma lakini haikuwakinga wote.

"Hao wa 2014 walivaa kofia?"

"Ni panya, bwana."

"Nauliza tu," akasema.